Ndizi Ndani ya Difu

Kyimo, Rungwe
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpendwa, Mama Namsifu,

Nakusalimu kutoka huku kwenye baridi na matope. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo hunitangazia mvua kabla ya redio. Natumaini wewe na mama mko salama huko Usangi, na kwamba dawa zake za presha hazijakatika. Uliponipigia Jumatano nilikujibu kwa mkato, ukaniuliza kama nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa na jambo ambalo sikuweza kulisema kwenye simu, kwa sababu ungenikatiza katikati, na mimi nikikatizwa hupata mlango wa kutokea. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza. Basi soma mpaka mwisho, ndipo umwambie mama.

Jambo lenyewe linahusu gari. Habari zake nimekuwa nikikupa vipandevipande, kwa hiyo leo acha nizipange.

Miaka mitatu iliyopita nililinunua kwa mjane wa bwana mifugo kule Matwebe. Ni Altezza, gari la milango minne kama la watu wenye heshima zao, lakini ukifungua boneti unaona halikuundwa kwa ajili ya kwenda sokoni. Injini ni ya kukimbia, giaboksi ina gia sita, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Kwa malipo ya mwalimu mstaafu anayefundisha kwa mkataba, nililifufua kama watu wanavyojenga nyumba kijijini, tofali mwezi huu, bati mwezi ule. Vijana wa mjini walinishauri nikate springi ili lilale chini. Niliwaeleza kwamba mawe ya barabara zetu hayajui mitindo, nikafanya kinyume chao: nikatafuta springi ndefu zaidi kwa wauza vyuma chakavu wa Mbeya. Breki za mbele nazo niliziwekea diski pana za gari kubwa, na Fundi Ambakisye akakesha siku mbili na tupa akichonga mahali pa kuzishika. Bomba la moshi tulilichomelea wenyewe.

Majirani waliliita jeneza la Mwalimu. Aliyekataa kucheka ni mmoja tu, Mzee Asajile, ambaye shamba lake la chai linapakana na uzio wangu. Kila asubuhi, kabla sijapiga mswaki, ananiita kwa Kinyakyusa, "Mugonile, Mwalimu," yaani ananiuliza nimelalaje. Kisha anauliza gari limelalaje.

Kufikia mwezi uliopita kilibaki kitu kimoja, difu. Niruhusu nieleze, maana mengine yote yanatoka hapo. Difu ni lile bonge la chuma lililo kati ya magurudumu ya nyuma. Ndani yake mna gia zinazoipokea nguvu ya injini na kuigeuza iende kwenye magurudumu. Meno ya gia yakilika na beringi zikilegea, inabaki nafasi baina ya chuma na chuma, na difu inaanza kulia. Yangu ilikuwa ikilia kama mbwa aliyefungiwa nje, na ukiongeza mwendo inaongeza sauti. Dawa yake ni moja, kuitoa na kuweka nyingine. Nilikuwa nimeagiza ya mtumba kutoka Dar es Salaam, na muuzaji kila nikimpigia ananiambia wiki ijayo.

Ndipo Mzee Asajile akaja kukaa kwenye benchi langu. Binti yake Tusekile, muuguzi, niliyemfundisha fizikia kidato cha kwanza hadi cha nne, alikuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ile ile.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu hawezi kupanda gari la kukodi wakati jirani yangu ana gari. Nimeshawaambia watu wa kanisani."

Nilimwambia difu inalia. Akaniambia hata mchungaji anapiga kelele, mbona watu wanamsikiliza.

Nilikwenda kwa Fundi Ambakisye kumuuliza kama kuna njia. Alikuwa anakula ndizi mbivu. Akaitazama ndizi, akanitazama mimi.

"Ipo," akasema. "Lakini wewe hutaipenda."

Njia yenyewe, Mama Namsifu, ni ya wauza magari wasio waaminifu. Unafungua kifuniko cha difu, unatia ndizi mbivu zilizopondwa, unafunga. Ndizi inajaza ile nafasi kati ya meno, na kelele inakoma.

"Ndizi zinatulisha, zinatusomeshea watoto, zinatuuguza," akasema Ambakisye. "Zishindwe kunyamazisha chuma? Ila sikiliza, Mwalimu. Hii ni ya kutoka hapa kwenda pale. Siyo ya safari."

Hakuwa na haja ya kuniambia. Nimefundisha habari za msuguano miaka thelathini na minne. Ndizi inazuia sauti, haizuii kulika. Ikipata joto inaiva, inakauka, inaziba njia ya oili, na beringi isiyopata oili inavimba na kushika. Beringi ikishika, magurudumu ya nyuma hufungwa kwa ghafla kama yamepigwa pingu. Kwenye tambarare utaburuzika. Kwenye mteremko wenye maji, gari hugeuka na kwenda linakotaka lenyewe. Haya yote niliyajua nikiwa nimesimama pale. Nikapiga hesabu: kutoka Kyimo hadi kanisani Tukuyu ni karibu, ukumbi uko hatua chache kutoka kanisani, nitakwenda taratibu. Nikamwambia tia.

Jioni ile ile, Alhamisi, ulinipigia. Nilikuwa ndani ya gari, nikaendesha mpaka njia ya kiwanda cha chai huku simu ikiwa wazi, nikakuambia sikiliza. Ulisikiliza. Ukasema, "Kimya kabisa. Hongera, Baba Namsifu." Ukaniambia basi Desemba nije nalo, nimshushe mama hospitali, maana yale mabasi yanamuumiza kiuno. Nikasema nitakuja. Sikukuambia ndani mna nini.

Jumamosi gari lilipendeza. Tulilifunga riboni nyeupe, na wale wale waliosema jeneza wakawa wanapiga nalo picha. Kutoka Kyimo hadi kanisani hakuna aliyesikia ila injini. Nakiri nilifurahi. Nilikaa kwenye benchi la nyuma kanisani nikifikiri habari za gari, siyo za ndoa.

Baada ya ibada Mzee Asajile alinishika mkono. Bibi yake bwana harusi, mama mzee sana aliyeko Kyela, alikuwa ameamka vibaya, hawezi kupandishwa mlimani. Ameomba amwone bibi harusi akiwa na gauni lake siku hiyo hiyo. Wazee wamekubaliana: msafara unateremka Kyela, sherehe itafuata jioni.

Unaijua ile barabara, uliipita ulipokuja kunitembelea. Kutoka Tukuyu kwenda Kyela ni kuteremka, kona juu ya kona, mpaka baridi inaisha na masikio yanaziba.

Nikasema kuna ukungu. Nikasema mafuta hayatoshi. Nikasema matairi ya nyuma ni mapana, hayapendi maji. Nilitoa sababu tatu, zote za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Mafuta yakanunuliwa. Ukungu, wakasema, tumezaliwa nao.

Tukaondoka. Mbele yetu pikapu ya matarumbeta, nyuma yetu basi dogo la ndugu, na Mzee Asajile ndani yake. Kwangu alikaa mbele shangazi wa bibi harusi, na maharusi nyuma. Tulipoacha mji mvua ilianza kunyunya. Nilishika gia ya pili ili injini ituzuie. Pikapu ikaanza kutuacha, na basi nyuma likapiga honi.

"Mwalimu, tunakwenda kuzika au kuoza?" akauliza shangazi.

 Nilikuwa nasikiliza kwa miguu, maana difu kwanza husema na sakafu. Palikuwa na mtetemo mdogo, kama mtu anayesugua kisigino kwenye zulia. Kisha Tusekile akasema kutoka nyuma:

"Nani anachoma ndizi?"

"Ni njaa hiyo, mke wangu," bwana harusi akacheka. "Tangu asubuhi hujala."

"Hapana. Nazisikia. Na wewe nusa."

Hata mimi nilizisikia, Mama Namsifu, ndizi tamu zinazoungua.  Nilijiambia nifike ile kona, nione. Nikafika ile kona nikajiambia nifike inayofuata. Hivyo ndivyo nilivyokwenda, kona kwa kona, na watu watatu ndani ya gari langu, kwa kuwa niliona haya.

Mtetemo ukageuka kuwa sauti, kama mtu anayetafuna kokoto. Mbele niliona mahali barabara inapanuka kando ya shamba la chai, na baada ya hapo ule mteremko mrefu ambao hauna pa kusimama. Nikawasha taa ya kuegesha.

"Usisimame," shangazi akasema, na safari hii hakutania. "Gari la bibi harusi halisimami njiani. Watu watasema ndoa imesimama."

"Nasimama, dada," nikasema.

Nikasimama. Basi likasimama nyuma, pikapu ikarudi kinyumenyume, matarumbeta yakanyamaza moja moja. Mzee Asajile akashuka na mwavuli. Nikatoka, nikamwambia mbele ya watu wote: "Difu ni mbovu. Tumeinyamazisha kwa ndizi. Haiwezi kushuka."

Akaja mpaka karibu yangu.

"Ulijua tangu nyumbani?"

"Nilijua."

"Tulipokuwa pale kanisani, ukinieleza habari za matairi, ulijua?"

"Nilijua."

Nilikuwa na maelezo. Nilikuwa nayo ya kutosha kipindi kizima, na nililiona lile neno "hesabu" likija mdomoni. Nikalimeza. Mara zote umekuwa ukiniambia napenda kueleza kuliko kukiri, na mimi hukujibu kwamba ni kitu kimoja. Pale kwenye mvua niliona si kitu kimoja.

Mjomba mmoja akasema Mwalimu anazidisha, sauti kidogo tu hiyo, mbona tumefika mpaka hapa, twende polepole. Wengine wakamuunga mkono, maana bibi kizee anasubiri. Mzee Asajile akayumba. Nilimwona akiyumba. Akasema basi kwanza tulisogeze kando mabasi makubwa yapite, tukiwa tunajadili. Nikaachia breki ya mkono, nikaweka gia huru. Vijana wanane wakasukuma.

Magurudumu ya nyuma hayakuzunguka. Yaliburuzika juu ya lami yenye maji kama nyayo za mbuzi anayekataa kamba, yakaacha mistari miwili. Wakasukuma tena, mistari ikarefuka.  Mjomba yule alikwenda kuutazama mteremko, akarudi.

Tusekile alikuwa amekusanya gauni lake mikononi. Akainama akaangalia ile mistari, akainuka.

"Ilishika baada ya kupoa, Mwalimu, au ilikuwa inashika tukienda?"

"Sijui," nikamwambia. "Huenda ilikuwa inaanza."

Akatikisa kichwa, akapanda pikapu mbele karibu na dereva, na mumewe akapanda nyuma pamoja na matarumbeta. Shangazi alipita karibu yangu bila kunitazama. Walipokwisha kupotea kwenye ukungu nilisikia tarumbeta moja ikianza upya, halafu zote.

Baadaye nilipata habari kwamba walifika salama, bibi akaliona gauni, akalishika kwa mikono miwili. Ambakisye alikuja Jumatatu, tukaifungua difu pale pale barabarani. Kilichotoka kilikuwa cheusi kama lami, na beringi ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kwa joto. Hakusema utani wowote. Alisema tu, "Mwalimu, bora ningekukatalia." Nilimwambia kosa si lake. Yeye aliniambia ya kutoka hapa kwenda pale.

Ni wiki mbili sasa. Asubuhi natoka na mswaki wangu, naona kofia ya Mzee Asajile ikipita katikati ya chai, na hakuna mugonile. Nilikwenda kwake mara moja kuomba radhi. Alinipa kiti, akanipa chai, akanisikiliza, akasema amesikia. Basi. Juzi nilikuta mkungu wa ndizi umeegemezwa kwenye mlango wangu, mbivu kabisa, bila mtu. Nimejiuliza kama ni msamaha au ni somo. Ambakisye anasema huku vyote viwili huletwa kwa mkungu mmoja. Nimezila nyingi, nyingine nikawapa wanafunzi. Kesho asubuhi nitatangulia mimi kumwita.

Sasa nakuja kwako. Alhamisi ile sikumdanganya Mzee Asajile peke yake. Wewe ulisikiliza kimya nilichokitengeneza, ukanipongeza, ukamwambia mama aache kuogopa. Barabara ya kushuka kutoka Usangi ina kona nyingi kuliko hii ya huku, na mimi ningemweka mama yangu kiti cha mbele. Nimejaribu kujiapiza kwamba ningekuwa nimebadilisha difu kabla ya Desemba. Huenda. Lakini hata Jumamosi ile nilikuwa na hesabu zangu. Nisamehe. Mwambie mama ukweli wote, pamoja na ndizi, hata akicheka.

Difu kutoka Dar es Salaam imefika Mbeya. Ni ya mtumba, imechoka kidogo lakini meno yake ni mazima. Itatoa sauti.

Mpe mama shikamoo yangu, umwambie goti lake na langu sasa ni marika. Msalimie mdogo wangu anayetusaidia shambani, umkumbushe kuzibua mfereji wa juu. Msalimie mwanetu Namsifu na mume wake, na mjukuu wetu umwambie babu hajasahau ahadi ya baiskeli. Mwalimu mwenzangu wa zamani hapo jirani naye mpe salamu, ila hii barua usimsomee mpaka mimi nifike.

Desemba ukisikia gari linapanda huku linalia, toka nje unipokee, ndilo langu. Likifika kimya, usimpandishe mama mpaka umeniuliza nimetia nini.

Ni mimi mume wako,
Baba Namsifu