Nyundo ya Ziwa la Juu

Bwiza, Bujumbura
30 Agosti 1998

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Naandika nikiwa na malengelenge viganjani lakini mwili mzima, na naomba barua hii ikukute miguu imepungua kuvimba na upepo wa Kigoma haujakurudishia kile kikohozi. Amira anayekusomea nampa salamu, yeye na watoto wake. Soumaya mke wangu anakusalimu sana. Ni yeye aliyeniambia kwamba nisipoiandika barua hii, nikatafute pengine pa kulala. Inaletwa na Bahizire, yule Mkongomani muuza vitenge. Mkaribishe chai, ni mtu mwaminifu.

Habari za huku ni za vikwazo na vita, kama unavyosikia redioni. Petroli haionekani, magari yamelala, na mimi siku hizi nafua majembe zaidi kuliko kitu kingine. Ndiyo maana sikukataa kazi iliyonijia mwanzoni mwa mwezi huu.

Alinijia kibandani Bwana Ildephonse, injinia wa maji anayekaa Mutanga Nord. Mabomba ya mji yanakohoa hewa tupu tangu kiangazi kianze, naye alitaka kupanda hadi yale maziwa mawili madogo ya mlimani, la chini na la juu, akasome vijiti vya kupimia maji alivyovichomeka mwaka tisini na mbili. Gari halifiki huko. Akakodi farasi watatu katika mabanda yaliyobaki tangu Wazungu waondoke, pamoja na mtunzaji wao, Révérien. Mimi alinitaka kwa kuwa njia ni mawe matupu, na farasi akipoteza kiatu mbali na mji, safari imekwisha. Alisema wanajeshi wamemhakikishia kuwa upande ule umetulia. Soumaya hakutaka niende. Nikamwambia ni siku nne tu.

Mama, upande ule umetulia kweli. Tulipita barieri ya mwisho ya wanajeshi kabla ya adhuhuri, na kuanzia hapo hatukuona mtu. Zamani farasi akipita kilimani, watoto walitoka kila mgombani kumkimbilia. Safari hii hata jogoo hakuwika. Nyumba hazina milango wala vigae, mikungu ya ndizi imeozea chini, kahawa imekaukia mtini bila mchumaji. Révérien ni mtu wa milimani, na kwa desturi ya kwao alisimama ukingoni akaita kuelekea ng'ambo ya bonde, kwamba sisi ni wapita njia watatu, tunapita kwa amani. Kukawa kimya. Nilishuka, nikakaza mkanda wa tandiko langu, nikapanda tena, ndipo sauti iliporudi kutoka ng'ambo: sisi ni wapita njia watatu, tunapita kwa amani. Bwana Ildephonse alisema ni mwangwi. Révérien hakubisha, ila tangu hapo hakuita tena, na hata kuongea aliongea kwa kunong'ona.

Jioni ile tulifika kwenye boma la watu lililohamwa kama mengine, isipokuwa ua wake ulikuwa umefagiwa. Michirizi ya ufagio ilikuwa mipya, imenyooka kama nywele zilizochanwa sasa hivi, na juu yake hapakuwa na unyayo hata mmoja. Ndani hamkuwa na chungu, mkeka, wala majivu. Farasi walisimama ukingoni mwa ua wakakataa kuingia. Tulikwenda kulala mbele zaidi, katika ghala bovu.

Siku ya pili njia ilisimama wima. Tulishuka tukawavuta farasi kwa kamba, tukipumzika kila baada ya hatua hamsini, mpaka tukaingia kwenye msitu wa mianzi ambako jua halifiki chini. Hapo, penye kijito, niliona matopeni alama za kwato zinazotutangulia. Mpya, maji bado yanajaa ndani yake. Niliinama kuzitazama.

Unakumbuka, mama, jinsi marehemu baba alivyofua kiatu cha farasi: kisigino cha kushoto anakikunja kidogo kwa ndani, na misumari minne nje, mitatu ndani. Watu walimcheka, lakini viatu vyake havikung'oka. Aliowafundisha namna hiyo ni wawili tu, mimi na mdogo wangu Djibril. Kiatu kile cha matopeni kilikuwa na kisigino kilichokunjwa. Sikukifua mimi. Nilizifuta alama zile kwa mguu kabla wenzangu hawajafika, nami sikujua kwa nini nazifuta.

Ziwa la chini tulilikuta limepungua. Bwana Ildephonse aliandika namba zake akisikitika. Farasi walikataa kunywa. Walisimama masikio mbele, wakitazama njia ya kupanda kwenye ziwa la juu.

Tulifika huko asubuhi ya siku ya tatu. Ni ziwa dogo, jeusi, limezungukwa na mianzi, na ukungu ulikuwa umelilalia hata ng'ambo haionekani. Hakukuwa na ndege wala chura. Tukawa tunatua mizigo, ndipo tukasikia nyundo. Mapigo matatu juu ya chuma, moja la kupumzika juu ya fuawe. Matatu, moja. Mama, umelala usingizi kwa mlio huo miaka thelathini, sina haja ya kukueleza ni mapigo ya nani.

Révérien alianza kusali rozari yake. Kabla hajamaliza, ukungu ulisogea akatoka farasi jike wa kijivu, hana tandiko, hana mtu, akaja kusimama katikati ya farasi wetu kama aliyechelewa kazini. Révérien akaacha rozari. Alikuwa Bijou, yule aliyepotea kwenye mabanda Machi mwaka tisini na tano. Nilimwinua mguu. Kiatu kilikuwa cha kipande cha resori ya gari, ile springi ya chini, kisigino kimekunjwa, misumari bado inang'aa. Niliwaambia wenzangu wasiondoke pale, nikazunguka ziwa peke yangu.

Nilikuta kibanda cha mianzi, mvukuto wa ngozi ya mbuzi, na jiwe lililofanywa fuawe. Aliyeshika nyundo alikuwa Léoncie, mke wa Djibril, yule uliyemfundisha kupika pilau. Amekonda, lakini mikono yake imekuwa ya fundi. Hakushtuka kuniona.

"Shemeji," alisema, "usisemeshe kwa nguvu. Mutoto analala. Nyundo alishazoea."

Nikamuuliza Djibril yuko wapi. Alinyoosha nyundo kuelekea kwenye mawe yaliyopangwa chini ya mianzi, akasema, "Ako pale. Tangu mvua ya Desemba."

Amira, dada yangu, unayemsomea mama, hapa usiruke neno, na usilainishe.

Mama, mwaka tisini na tano nilikuandikia kwamba Djibril na mkewe waliuawa njiani wakikimbia Bwiza, kwamba nilimwosha ndugu yangu kwa mikono yangu na kumzika karibu na baba. Ni uongo. Hakuna niliyemwosha. Pale karibu na baba hakuna kaburi. Siku ile walipokuwa wakiwafukuza watu wa kabila la akina Léoncie mtaani, nyumba kwa nyumba, mchana kweupe, Djibril alikuja na mkewe mjamzito wa miezi mitatu akagonga mlango wa kibanda changu. Aliniita kwa jina. Nilikuwa ndani, komeo nimelishika kwa mkono. Vijana wenye mapanga walikuwa kwenye kona ya barabara, na waliyekuwa wakimtafuta ni Léoncie. Nilifikiri, wakimkuta kwangu tunakufa sote. Sikujibu. Aligonga tena, kisha nikasikia miguu yao ikienda. Nilijua kwamba wamekufa, mama. Ungeona barabara siku ile ungejua vivyo hivyo. Kila wiki ulikuwa ukiandikisha barua ukiuliza habari za Djibril, nami sikuwa na habari ila ule mlango. Ndipo nikatunga mazishi. Hapa Bwiza nikatangaza msiba, tukamsomea hitma, nami nikakaa mbele nikipokea mikono ya watu.

Léoncie aliijua yote hiyo. Alitia chuma motoni, akaniambia bila hasira, kama anayenipa habari za mvua:

"Siku ile tulikusikia ukipumua nyuma ya mulango."

Kisha akanisimulia. Walifika mabandani, wakamchukua Bijou, wakapanda usiku na mchana hadi kwa wazazi wa Léoncie, wakakuta hakuna mtu. Ua ule tuliouona ni wa baba yake. Kila wiki hushuka kuufagia, kisha huufuta unyayo wake kwa tawi akirudi nyuma. Alituona tangu tulipofika ukingoni mwa bonde, na sauti iliyotujibu ilikuwa yake, ili tuogope turudi, na nyundo vivyo hivyo. Bijou ndiye anayewalisha: humbebesha chumvi na maharage kwa njia za msituni hadi soko la upande wa pili, na kwenye mawe yale farasi asiye na kiatu hafiki. Djibril alimfundisha Léoncie kufua kabla hajafa, kwa sababu alijua anakufa.

Mwaka tisini na sita, Djibril alimtuma mchuuzi mmoja aje Bwiza kuniuliza kama anaweza kushuka, kama nitampokea. Mtu yule hakuhitaji hata kunitafuta. Mtaani walimwambia kwamba huyo Djibril alikwisha kufa, hitma yake imesomwa, na ndugu yake mwenyewe ndiye aliyesimamia. Djibril alipoletewa habari hiyo alicheka sana. Homa ilipomshika Desemba iliyopita, Léoncie alimsihi ampandishe juu ya Bijou amshushe hospitali. Alikataa. Léoncie aliniambia maneno yake kama alivyoyasema, naye akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza:

"Alisema, mutu mwenye alishakufa hashukagi mu mji."

Nilikaa chini kwenye vumbi la makaa. Baadaye mtoto aliamka akatoka kibandani, msichana wa karibu miaka mitatu, paji lake la uso ni la baba. Niliuliza jina lake.

"Baba yake alimuita Mwanasiti," Léoncie alisema. "Mi simuitagi vile."

Nikamwita mimi, polepole, kwa jina lako. Aligeuka haraka, akatazama kwanza kwenye yale mawe chini ya mianzi, ndipo akanitazama mimi.

Niliporudi, Bwana Ildephonse alikuwa amekwisha kumfunga Bijou kamba. Alisema ni mali ya mabanda, lazima ashuke nasi, na kwamba barierini wanajeshi watataka kujua alikuwa kwa nani. Nilimwambia kwato zake zimeoza kwa ndani, ugonjwa wa kuambukiza, na kwamba akitembea na wale watatu tutarudi mjini kwa miguu. Aliuliza kama ni hakika. Kabla sijajibu, Révérien, ambaye amekaa na farasi miaka ishirini na anajua ukwato mzima ukoje, alisema ni hakika kabisa, yeye pia ameona. Injinia alitutazama mmoja mmoja. Nyundo ilikuwa ikisikika tena ng'ambo. Alikwenda mwenyewe akamfungua kamba, akaandika kipimo cha maji, akafunga daftari.

Barierini afisa alituuliza tumeona nini. Bwana Ildephonse alijibu kwamba tumeona maji yamepungua.

Nilimwachia Léoncie tupa yangu, koleo, na misumari yote niliyokuwa nayo. Alivipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, lakini hakunishukuru. Nilipomuaga aliniambia tu, "Ukirudia, usikuje na uyu bwana wa kuandika-andika." Nimelishika neno hilo usiku na mchana tangu nirudi. Kesho kutwa napanda tena, mimi na Révérien, kabla mvua hazijafunga njia. Tunapeleka chumvi, dawa za homa, na kanzu mbili alizoshona Soumaya.

Ijumaa iliyopita, baada ya sala, nilisimama msikitini nikawaambia watu ukweli wa mlango ule. Pa kuishi Léoncie sikupataja. Wazee wengine waliinamisha vichwa. Wawili waliondoka bila kunipa mkono, nao wana haki. Tulimsalia Djibril upya, kwa kifo chake cha kweli. Nakuomba nawe huko umsomee; alifariki Desemba ya mwaka jana, siku ya tisa, alasiri. Alikufa akiwa amelazwa mapajani mwa mkewe, ameelekezwa kibla. Léoncie hakujua kibla ni upande gani, ndugu yangu ndiye aliyemwonyesha kwa kidole.

Kuhusu mimi, mama, sikuombi lolote katika barua hii. Ukitaka kunijibu, Bahizire anarudi baada ya wiki mbili. Ukimrudisha mikono mitupu nitaelewa, na nitaendelea kukuletea habari za mjukuu wako kila nitakapozipata. Wasalimu majirani wote, na Amira nampa pole kwa kazi hii ya kusoma. Mungu akulinde na baridi ya asubuhi, akupe usingizi.

Ni mimi mwanao, ndugu yake Djibril,

Hamimu