Majibu ya Moyo Wangu

Jumanne, 4 Juni 2024
Skana ya moyo imepita. Waliniingiza ndani ya mashine, wakanichoma dawa kwenye mshipa, mwili mzima ukawaka moto — nikadhani nimejikojolea! Fundi akacheka: kila mtu anasikia hivyo. Amenipa karatasi ya kufuata nyumbani. Ninywe maji mengi ili dawa itoke. Mkono unaweza kuvilia damu, si kitu. Nikivimba uso au nikikosa pumzi, nirudi mbio. Mengine kama kawaida. Majibu Ijumaa.

Nimesahihisha dictée, imla za wanafunzi wangu wa darasa la sita, huku nakunywa maji.

Jumatano, 5 Juni
Alama ya buluu mkononi. Chooni mara tisa! Nimefundisha. Baridi kali, watoto walikuja na makoti.

Ijumaa, 7 Juni
Nilitaka kwenda mwenyewe. Ruphin, mwanangu wa kwanza, alikataa. "Acha tu, Mama. Docteur anasemaka na famille." Famille! Eti familia! Kwani moyo ni wa nani?

Amerudi saa kumi, bahasha chini ya kwapa. Nikamuuliza wamesema nini. "Iko bien, Mama. Upumuzike tu." Hakuniangalia. Akaingia na bahasha chumbani kwake, akafunga kwa ufunguo.

Tangu lini habari njema inafungiwa kwa ufunguo?

Jumamosi, 8 Juni
Bénie, mke wa Ruphin, amepika bukari ya unga wa mahindi na samaki bila chumvi. Nikaomba chumvi. Eti imeisha. Nimeona kopo limejaa!

Alasiri nani anaingia? Olive, mdogo wangu, kutoka Kasenga, na furushi la samaki wakavu. Hajakanyaga hapa tangu Noeli ya mwaka juzi. Anasema amenikumbuka tu. Ananishika mkono kama anashika yai.

Karatasi ilisema maji, ilisema mkono. Haikusema kwamba nikitoka chooni watu watanyamaza.

Jumapili, 9 Juni
Nimemshika Ruphin baada ya ibada. Nikamwambia nilimzika baba yake, neno moja halitaniua. Akalia, mwanaume wa miaka thelathini na minne.

"Mama, weye mwenyewe ulifanya vile na Papa."

Nimeingia chumbani, nimefungua daftari hili.

Ni kweli. Clément, mume wangu, aliniuliza miezi minne anaumwa nini. Kila mara nilimwambia ni gastrite, tumbo tu, Papa Ruphin, itapita. Daktari alinieleza mimi, nikawaeleza kaka zake, yeye hapana. Alikufa bado anakunywa dawa ya tumbo. Watu walinisifu: mama mwenye moyo! Nami nilikubali sifa.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Na yule anayefichwa maradhi yake mwenyewe, je? Nimewakasirikia wote leo. Nimejikasirikia zaidi. Clément alijua, nina hakika. Alikuwa ananiangalia namna hii ninavyomwangalia Olive.

Jumatatu, 10 Juni
Sikwenda shule. Nyumbani nimesema nakwenda shule.

Hospitali. Dirishani nikaomba majibu yangu, Mama Christiane. Sekretari hakuinua hata kichwa: famille walishachukua, mgonjwa mwenyewe hapewi. Nikakaa kwenye benchi karibu nusu saa, hasira imenijaa mpaka masikioni. Kisha nikaona daktari wa leo ni mpya, kijana, hanijui. Nikagonga mlango, nikasema nimekuja kwa majibu ya Christiane.

"Uko nani ya mugonjwa?"

"Niko dada mukubwa yake."

"Yeye mwenyewe anajua?"

"Hapana, Docteur. Hatujamuambia."

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Tulifanya vizuri, anasema. Amenipa kiti, akaenda chumba cha pili kutafuta picha. Naandika juu ya goti. Mwandiko gani huu! Ningempa mwanafunzi sifuri.

Amerudi. Amefunga mlango. Ananiona naandika, anadhani najitayarisha kuandika maagizo yake. Anasema nijikaze, Mama, kwa ajili ya mdogo wangu Christiane.