Usitie Sahihi Kabla Giaboksi Haijapimwa

Kisugu, Kampala

Kwako Mama,

Shikamoo, mamangu. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, magoti yamepoa na kile kikohozi cha baridi kimekuacha. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na sitakuficha.

Naandika kwa sababu kila nikipiga simu yako anapokea Kaka Mwakio, na kila mara anasema umelala. Wewe na usingizi wa saa nne asubuhi mlijuana lini? Kwa hiyo barua hii nimempa dereva mwenzangu anayeshuka Mombasa. Ameapa kuitia mkononi mwako mwenyewe.

Neno lenyewe ni hili: usitie sahihi karatasi za shamba. Najua ni mimi niliyemwambia Kaka shamba liuzwe ili nitengeneze lori. Nilisema kwa hofu, Mama. Mfa maji haachi kutapatapa.

Lori hili si kama lile la Baba. Hili linajibadilishia gia lenyewe. Asubuhi lilikuwa linakwenda vizuri, lakini likishapata moto, nikianza kupanda kilima cha Mbuya na saruji mgongoni, injini inanguruma na gari halivuti. Nyuma honi, mbele kilima, na mimi natokwa jasho. Mwisho likakataa kabisa kusogea, likavutwa mpaka gereji moja huko chini ya Bugolobi.

Fundi hakuinama hata kuchungulia. Alilizunguka mara moja, akapiga bodi kofi, akasema, "Ssebo, bwana yangu, giabokisi imekufa. Reta pesa, tunatoa yote tunaweka ingine." Nikamuuliza amejuaje. "Mimi iko na miaka mingi kwa hii kazi." Nikamwamini, na siku hiyohiyo nikampigia Kaka.

Juzi nikaenda kwa Hajati Zainabu, mama wa Kinubi anayeuza oili za magari karibu na chumba changu, kumuuliza kama anajua mtu mwenye giaboksi kuukuu. Akaniuliza, "Nani alisema imekufa? Oili amepima?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba oili napima mwenyewe kila asubuhi, na imejaa. "Wewe napima namna gani?" Nikamweleza: gari likiwa baridi na limezimwa, nachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, napangusa, narudisha, nachomoa tena. Vile Baba alivyonifundisha.

Alicheka mpaka akakaa juu ya debe. "Hiyo namna ni ya injini, mtoto yangu. Ya giaboksi ya auto, wacha gari inanguruma, ikuwe na moto. Ukizima, oili yote narudi chini, kijiti nakudanganya."

Akafunga duka tukaenda gereji. Nikaliwasha lori pale penye sakafu sawa, likapata moto. Nikakanyaga breki, nikapitisha gia zote moja moja, nikarudisha pa kuegesha, nikachomoa kijiti injini ikiwaka. Kilitoka kikavu. Mama, nililia mbele ya watu. Miezi yote hiyo nilijiona dereva makini, kumbe naliendesha na kiu! Tulipochungulia chini tukaona paipu inayopeleka oili kwenye rejeta imechanika.

Lakini usishangilie bado. Kitone kilichobaki kwenye paipu kilikuwa cheusi. Hajati alikinusa, akasema kimeungua. Oili ikinuka kuungua, huenda ndani kumeshalika. Anasema tubadilishe paipu, tuweke oili yake halisi, tuunganishe kompyuta isome gari linalalamika nini, kisha tupande Mbuya na mzigo. Likiteleza tena, hapo tutajua tunalipia ugonjwa gani. Fundi amekasirika, hataki tena kuniona.

Kesho ndiyo tunapanda. Naogopa kilima kile kuliko nilivyowahi kuogopa kitu, kwa sababu kosa ni langu, si la fundi wala la Kaka.

Ila nimeshaamua. Hata kama giaboksi imekufa kweli, usiuze. Lori nitaliacha huku liwe vyuma chakavu, nirudi mikono mitupu, na majirani wacheke wachoke. Siwezi kuja nyumbani nikabisha hodi kwa mgeni ili nilione kaburi la Baba.

Nisalimie mke wangu Mghoi, mwambie anisamehe kwa ukimya wangu. Mbusu binti yangu. Msalimie shangazi anayekuletea maziwa, na mchungaji, aniombee. Kaka naye msalimie, usimgombeze. Anatimiza nilichomwomba, na hajui kama nimebadili nia, maana hanipi nafasi ya kusema.

Akija na karatasi kabla sijakupata kwa simu, mwambie miwani imepotea. Ifiche kwenye pipa la unga, Mama, na uitafute naye mpaka jioni.

Mwanao niliyekosa,
Mwadime