Mkasi wa Kahawa Ulioninyima

Baba yangu,

Miti yako ya kahawa huko Iyula imenishinda. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda maneno marefu.

Unakumbuka siku ile ya kupogoa, nikiwa darasa la sita? Watoto wa baba mdogo kila mmoja alikuwa na mstari wake wa miti. Nami nikachukua mkasi. Ukanipokonya. "Weka chini. Vidole vyako ni vya kompyuta." Kompyuta yenyewe uliiona mara moja tu, ofisini kwa mchungaji, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilivimba kichwa, baba, nisiseme uongo. Nikakaa kivulini na daftari, wenzangu wakichomwa na jua. Mdogo wangu Atupele alipokua, naye ukamnyima.

Nikaisoma hiyo kompyuta chuoni. Niliipenda. Programu yangu ya kwanza ilipokubali, nilitaka kukupigia simu, ila sikujua nikueleze vipi. Ukatangaza kanisani kwamba binti yako ni mtaalamu. Leo mtaalamu wako yuko Tunduma, kwenye kibanda cha kutoa kopi, anawachapia madereva wa malori barua na fomu za mpakani. Umeme ukikatika nakaa tu. Barua za kuomba kazi nimeandika mpaka nimechoka. Inauma.

Ulipofariki, nilichapa maelekezo ya kupogoa kutoka kwenye mtandao, nikaingia shambani na karatasi mkononi. Kumbe nilikata matawi ya kuzaa. Msimu uliofuata mstari mzima haukutoa hata kikombe cha kahawa. Nililia, kwanza kwa hasira juu yako, kisha kwa kukukosa. Jirani yetu Baba Tumaini aliona, akanyamaza. Nikaona aibu kumuuliza, kwa jinsi ulivyomtambia kuhusu mimi.

Sasa Atupele amemaliza kidato cha sita. Amekuja na fomu ya chuo akataka nimwambie ukweli: "Dada, nisome kompyuta kama wewe, halafu nije tukae wote kibandani?" Ninaona anavyoipenda. Kumkataza ni kumpokonya, na kumwachia hivi hivi ni kumdanganya. Nikamwambia ajaze, lakini kwanza twende kwa Baba Tumaini.

Mzee alitutazama mikono. Akauliza kama kompyuta imenishinda. Nikamjibu kompyuta haijanishinda, kazi ndiyo imenikataa. Hakucheka. Akaingia ndani, akatoka na mkasi. Niliutambua kwa kamba nyekundu uliyoifunga mpinini.

"Baba yenu aliniachia alipokuwa anaumwa," akasema. "Alisema mkija wenyewe niwafundishe. Nisiwaite."

Kwa hiyo ulijua kwamba ipo siku tungeuhitaji, baba. Ulijua, na bado hukutuambia. Tumepogoa mistari miwili na viganja vimetoka malengelenge. Kalamu naishika kwa shida. Fomu ya Atupele nimeipeleka. Kama nimekosea, nimekosea kwa kukufuata wewe.

Pumzika, baba. Mkasi tunao.

Binti yako mkubwa