Mtamba Mmoja kwa Beki wa Kati

Mpendwa mdogo wangu Mwita,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie kwanza. Huko Migori kwa shangazi habari za nyumbani zinakufikia nusunusu, basi hii isikie yote kutoka kwangu.

Unakumbuka tulivyocheza nyuma ya ghala la mahindi, mpira wa matambara, mimi kipa kwa sababu hakuna mvulana aliyetaka kukaa golini? Ulikuwa mdogo kuliko wote, lakini hakupita mtu. Uliniambia, "Dada, wewe simama tu." Toka siku hiyo nilijua wewe ni beki wa kati, sikuhitaji kocha wa kunieleza.

Wanaume wa kijijini kwetu Nyambureti walibishana juu yako kama watu wanaogawana nyama. Baba akasema beki wa kushoto, kwa kuwa una mbio. Baba mdogo akasema namba sita. Wewe hakuna aliyekuuliza. Kisha dhahabu ikaibuka, kila mwenye duara, shimo lake la kuchimba, akataka timu yake pale machimboni, na yule tajiri mwenye duara kubwa akaja kukuchukua kwa mtamba mwekundu. Baba akampokea, akamwita mkwe kwa utani, wakacheka. Mimi nilikuwa nawasongea ugali, sikucheka.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi. Beki kama wewe akakuweka mbele. Eti hakutoa mtamba kwa mtu wa kukaa nyuma, anataka magoli. Ukakosa, ukakosa tena, naye akakufokea mbele ya watu: "Ng'ombe wangu anashiba kwenu, wewe hufungi hata moja." Akakuteremsha duarani ukabebe mawe. Ulipotoroka ukavukia mpakani Sirari kwenda kwa shangazi, nilimwomba baba arudishe mtamba. Akanijibu, "Ng'ombe akishaingia zizini, maneno yamekwisha." Utadhani anazungumzia mahari. Jibu hilo linanichoma hadi leo, Mwita. Wazee wetu wamezoea kupima kila jambo kwa ng'ombe, wakadhani na beki anapimika hivyo. Thamani ya beki ni magoli yasiyoingia. Hayo utayafunga kamba uyapeleke malishoni?

Shangazi anasema mpira hutaki hata kuuona, na ukiambiwa urudi unajibu, "Mimi ni mtu wa yule mzee wa duara, ng'ombe wake yupo kwetu." Niliposikia hayo sikulia. Nilikasirika, na wewe pia nilikukasirikia.

Juzi asubuhi nilitoka kwa mume wangu, nikaja nyumbani kwa baba, nikafungua zizi, nikamtoa yule mtamba, ambaye sasa ameshazaa, na ndama wake. Baba aliniita mpaka nikapita kwa jirani. Nikawaswaga hadi machimboni. Tajiri alikuwa anakunywa chai na watu wake. Akauliza, "We mama, unarudisha mahari?" Watu wake wakacheka.

Nikamwambia, "Mdogo wangu hakuolewa."

Akainuka, akapokea kamba.

Baba hasemi na mimi, na mama ananisalimia kwa kujificha. Sijutii hata kidogo. Zizini kwetu hakuna tena ng'ombe wa mtu. Ukitaka kurudi, rudi. Ukitaka kubaki huko, baki, ila ubaki kwa kupenda kwako mwenyewe.

Ni mimi, dada yako wa tumbo moja.