Kinyama cha Koo na Kabati la Mninga

Jumatatu, 3 Machi
Daktari wa koo kanionyesha picha. Kinyama! Kimejikalia kwenye nyuzi za sauti, raha mustarehe. Si saratani, anasema – ni kupiga kelele mnadani miaka yote hii. Kinakatwa keshokutwa. Nikauliza kama sauti itarudi. Akasema kwa wengi hurudi. Hilo neno "wengi" sijalipenda hata kidogo.

Alhamisi, 6 Machi
Kimetoka! Sasa wiki nzima bubu. Hata kunong'ona marufuku – eti huzichosha nyuzi. Mume wangu kapokea habari kwa huzuni kubwa, kisha kageukia dirishani kutabasamu. Nimemwona kwenye kioo.

Jumamosi, 8 Machi
Bosi kampa binamu yangu nyundo yangu ya mnada, anadi badala yangu. Nikaenda kutazama tu – kutazama si kusema. Binamu akanadi kabati la plaiwudi iliyopakwa rangi, eti mninga! Nikapunga mkono kumsahihisha. Akadaka: "Mama wa nyuma kaongeza bei!" Mama wa nyuma! Tumeoga beseni moja utotoni. Nikapunga kukataa. Akapandisha tena. Nikapunga mikono yote miwili.
"Mara ya kwanza... mara ya pili... mara ya tatu!"
Nyundo ikalia. Nimeshindana bei na nafsi yangu, na nimeshinda.

Jumanne, 11 Machi
Kabati limejaa sebule nzima, milango haifungi. Wifi kaja kunijulia hali, ananipigia kelele sikioni kana kwamba nilikatwa masikio. Alipochoka akamgeukia kaka yake, wakaongea kama sipo: bosi kamkubali binamu, anafikiria kumwachia mnada moja kwa moja. Hakuna aliyewahi kuuza kabati ghali vile! Nikacheka kimyakimya mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Bila mnada mimi nani?

Alhamisi, 13 Machi
Daktari kaniambia nitoe "aaa". Pamepona vizuri, anasema. Nianze kuongea, taratibu, maneno machache. Ile "aaa" ilikuwa nene, kama ya mjomba. Tangu hapo sijatamka kitu. Naogopa.
Mume kakaa mbele yangu. "Sema chochote," kaniambia. "Hata nitukane. Nyumba imepoa mno."
Mjinga huyu, kanifanya nimpende upya.
Bosi atapiga jioni hii. Anataka kusikia sauti, si ujumbe, ndipo aamue nani anashika nyundo keshokutwa. Maneno yangu machache nimeshayachagua: lile kabati ni plaiwudi.
Simu hiyo. Mume ananisogezea. Inaita mara ya kwanza. Mara ya pili –