Shingo Iliyokataa Kuinama

Mama Nekesa,

Ni mimi Wafula wako. Niko miaka sabini na tisa. Nimezika ndugu zangu wote, nimezika wanaume tuliopakia nao magunia ya mahindi, hata ile stoo yenyewe ilishabomolewa. Sasa nimekuzika na wewe. Hiyo sikuwa nimeipangia.

Naandika kwa mkono wangu. Sikuomba mtu. Unanijua.

Shingo imekuwa mbaya kuliko ulivyoiacha. Kutoka kisogo mpaka kiuno ni kama nimepigiliwa mbao. Mtu akiniita kutoka nyuma, nageuka mwili mzima kama lori. Wewe ulikuwa unanikalisha chini, unakaa kwa kitanda, unanikanda na kitambaa cha maji moto na chumvi. Nikipiga kelele unaniambia, "Tulia, magunia yalikuwa hayalii." Jioni bado nakaa hapo chini. Halafu nakumbuka.

Siku ile ya kukuzika shambani Cheptiret, pastor alisema tuinamishe vichwa. Watu wote waliinama, mimi nikabaki naangalia miti. Mume ndiye hutupa udongo kwanza, nikapewa. Nekesa akaniambia kwa sikio, "Baba, hata leo hutaki kuinama?" Mtoto wangu mwenyewe. Nilitupa bila kuona, na sikusikia udongo ukigonga sanduku. Walikushusha, Mama, na mimi sikuona.

Ndio maana nilienda hospitali, mimi niliyekuwa nakukatalia kila mwaka. Nilitaka kuinama mara moja tu. Msichana wa mazoezi akasema, "Mzee, gusa kifua na kidevu." Nikamwambia shingo hii ilibeba magunia mawili kwa mpigo, na hakuna mwanaume mtaa mzima wa Huruma aliweza hiyo. Akasema hapo ndipo shida ilitoka. Mifupa imeshikana. Nikifanya mazoezi maumivu yatapungua, lakini kuinama hakutarudi. Nikamwambia hajui kazi. Nikaenda kwa mzee wa kuchua nyuma ya soko, akanichua mpaka machozi. Hakuna kitu. Msichana alisema ukweli.

Jumapili nikaja kwako. Nyasi zimeanza kuota. Nikasimama hapo juu, nikaona miti tu, ile ile. Basi nikashika msalaba, nikajishusha pole pole, nikalala kwa ubavu kando yako, vile tulikuwa tunalala. Hapo ndipo nilikuona. Nilikaa mpaka baridi ikaniingia, halafu nikashindwa kuamka.

Lala, Mama Nekesa. Mazoezi nitafanya, si ya kupona, ni ya kunifikisha hapo. Nitakuja kila nikiweza kushuka. Kuamka si kitu sana siku hizi.

Na mtu akisema Wafula alikataa kumwinamia bibi yake, hata akiwa Nekesa, aulize Mama Wanjiru, jirani wetu wa shamba. Ndiye aliniinua. Alinipangusa udongo kwa shavu.